Jina la Mwenye Mudzi

Mwezi uliopita nilikutana na Bwana Mutua katika mkahawa mmoja wa Kilifi, karibu na stendi. Alikuwa ameshuka pwani kwa mahafali ya binti yake pale chuo kikuu, amevaa suti iliyombana mabegani, na nywele zote zimekuwa nyeupe. Zamani alikuwa akitia sukari kwenye chai mpaka kijiko kinakaribia kusimama. Siku hiyo aliagiza chai kavu, akaniambia daktari ndiye anayempikia siku hizi. Tulizungumza habari za watoto na magoti, kama wafanyavyo watu wa umri wetu, kisha akauliza, “Zuhura, yule mama wa Mwenye Mudzi bado yuko?” Nikamwambia Bi Jumwa alitangulia mbele ya haki kabla ya Ramadhani, kwa homa fupi, hakumsumbua mtu. Aliuzungusha mkono wa kikombe. Kisha akasema kwamba tangu aondoke kwetu amefundisha vijana wengi lugha ya kuiuliza maswali hifadhidata, na kila akifika kwenye somo la maneno yaliyotengwa humkumbuka yule mama, lakini hajawahi kuwaeleza wanafunzi kwa nini. Nikamwambia basi nitaeleza mimi.

Sitasema mengi ya nilikotoka wala nani alinizaa. Yatosha kujua kwamba mwaka nilipomjua Bi Jumwa nilikuwa binti wa Takaungu mwenye cheti cha kompyuta kutoka Mombasa na ulimi uliokuwa mrefu kuliko cheti chenyewe. Nyumbani kila aliyeingia aliniuliza nitaolewa lini. Nilipopata kazi Kilifi nilikubali kabla sijaambiwa ni kazi gani. Ulikuwa mpango wa kuwagawia ardhi watu waliokaa kwa vizazi kwenye mashamba ya nyuma ya mji, mashamba ambayo kwenye karatasi yalikuwa ya tajiri mmoja wa zamani na ambayo sasa yalikuwa yamenunuliwa ili wakaaji wapewe hati. Utaratibu ulikuwa hivi: kila boma, yaani mudzi kama wasemavyo Wagiriama, lingepata hati moja, na boma lilitambuliwa kwa jina la mwasisi wake, mtu aliyefyeka pori pale mwanzo. Makarani walipita nyumba kwa nyumba wakiandika nani anadai na mwasisi ni nani. Karatasi zao zililetwa ofisini kwetu, chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na mimi nikaziingiza kwenye kompyuta. Chini wakikata mabati, juu meza ikitetemeka. Mpaka leo nikisikia harufu ya rangi ya mafuta vidole vyangu hutaka kuchapa.

Bwana Mutua ndiye aliyekuwa mkubwa wangu. Mkamba, mpole, mwenye kupenda kueleza jambo mpaka mwisho hata kama aliyeuliza keshaondoka. Wiki yangu ya kwanza aliniambia nitengeneze jedwali mwenyewe, nijifunze. Nikaona niipe safu moja jina la “group”, ya kuonyesha boma liko kundi gani la nyumba, na nyingine “order”, ya mfuatano wa maboma njiani. Kompyuta ikakataa. Nikachapa tena nikidhani nimekosea herufi. Ikakataa tena kwa maneno yale yale. Nikaitukana kimyakimya kwa Kiamu nilichojifunza kwa bibi mmoja jirani yetu. Bwana Mutua aliyasikia matusi, hakuyaelewa, akacheka tu. Akatoa kitabu kinene kabatini na kukifungua nyuma kabisa, kwenye kiambatisho, palipokuwa na orodha mbili za maneno.

“Hii lugha ina maneno yake,” akasema. “Haya ya upande huu imejiwekea yenyewe. Huwezi kumpa mtu wala kitu jina hilo, kwa sababu mashine ikiliona itafikiri unaiamuru. Haya yametengwa. Sasa angalia upande huu. Haya pia inayajua, lakini si mchoyo nayo. Likikaa mahali pa amri, ni amri. Likikaa mahali pa jina, ni jina tu. Haya hayakutengwa.”

“Na kama nalitaka hasa lile lililotengwa?” nikamuuliza. Tabia yangu ni kutaka kile nilichonyimwa.

“Lifunge ndani ya alama za kunukuu. Ni kama kuiambia mashine: simwiti mwenyewe, nalitaja tu. Lakini usizoee hivyo. Siku moja utasahau alama, na kazi yote isimame.”

Sikuzizoea. Niliziita safu zangu zote kwa Kiswahili: mdai, mwasisi, kijiji, jirani. Zikapita zote bila ubishi, kwa sababu waliotunga lugha ile hawakuota kwamba siku moja mtu wa Takaungu atakuja kuzungumza nayo. Neno moja tu lilinishangaza. Niliweka safu ya “ada”, kisha kwa udadisi nikaliona neno hilo hilo kwenye kitabu, orodha ya pili. Bwana Mutua akanieleza ni jina la lugha nyingine ya kompyuta, wala halihusiani na ada zetu, na kwa kuwa halikutengwa naweza kuendelea nalo kwa raha zangu. Nikaendelea. Nasikia toleo kwa toleo orodha zile hubadilika, na baadhi ya maneno yaliyokuwa huru enzi zetu leo hayaguswi. Kijana wangu anayefanya kazi hizo Nairobi hulalamika kila mashine ikiboreshwa. Namwambia dunia ndivyo ilivyo, mwanangu, ila kwetu huku inakwenda kinyume. Yaliyokuwa hayatajiki sasa yanatajwa ovyo. Wake wa siku hizi wamewaandika baba wakwe zao kwenye simu kwa majina kamili, tena na picha.

Nilipanga chumba kwa Bi Jumwa, nje kidogo ya mji, nyumba ya udongo na makuti yenye vyumba vya kupangisha upande mmoja na chumba chake upande wa pili. Ukuta kati yetu haukufika juu, kwa hiyo nilizijua ndoto zake na yeye akazijua simu zangu. Alikuwa mjane, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita mbuzi. Hakuwa na mtoto. Mumewe alikufa zamani, na shemeji yake, ndugu wa pekee wa mumewe, alihamia Marereni kufanya kazi ya chumvi akajenga huko. Shamba lote la minazi na mikorosho lilimbakia yeye. Jioni tulikula pamoja uani: sima na mtsunga, mboga chungu ile ambayo mwanzo nilidhani ni adhabu, na siku nilizopata mshahara nilileta ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, akaipika kwa tui zito mpaka mapaka wa jirani wakaja kutusalimia. Alipenda kunichokoza kwa usuli wangu. “Nyinyi watu wa Takaungu,” angesema, “mwatupa ardhi yetu kwa kikaratasi, kisha mwaja kutuuliza majina.” Nami ningemjibu kwamba kwetu hatuna hata kiwanja cha kuanikia khanga, akacheka, na hasira zake zikaishia hapo.

Katika mazungumzo yake yote alikuwapo mtu mmoja aitwaye Mwenye Mudzi. Mwenye Mudzi alipanda mnazi ule. Mwenye Mudzi hakupenda kelele asubuhi. Mwenye Mudzi alikuwa akisema mvua ya kwanza si ya kuaminiwa. Nikadhani ni mumewe. Siku moja nikamuuliza jina lake hasa nani. Aliweka mkono mdomoni kama mtu aliyeungua na uji, akaniashiria kwa kidevu mzee mmoja jirani aliyekuwa akifunga ua. “Muulize yule.” Yule mzee akanivuta kando, akanieleza kwamba huyo si mumewe bali ni baba wa mumewe, aliyelifyeka shamba lile likiwa pori, na mkaza mwana, yaani mke wa mwana, hamtaji baba mkwe kwa jina, akiwa hai wala akiwa amekufa. Mwenye Mudzi maana yake ni mwenye boma, basi. Kisha akaninong'oneza jina lenyewe, akimtupia jicho Bi Jumwa asije akasikia. Kwa heshima yake, akasema, hata majirani hawalitaji akiwapo. Nikaona ni adabu nzuri, nikaendelea na mambo yangu. Ningekuwa na akili ya kutosha ningeona palepale kitakachotupata ofisini, lakini akili ya ofisini niliiacha ofisini.

Yalitupata karatasi zote zilipokwisha kuingia. Bwana Mutua aliandika amri ya kukusanya madai yote kwa jina la mwasisi na kubakiza dai moja kwa kila boma, yaliyojirudia yaondoke. Nakumbuka alivyofurahi orodha ilipotoka fupi. Akaniambia, “Unaona? Watu walijiandikisha mara mbilimbili. Sasa ni safi.” Nikaipitia orodha ile safi nikinywa chai na mahamri. Nikafika kwenye boma moja ambalo mwasisi wake aliitwa Mwenye Mudzi. Nikacheka peke yangu. Kisha nikafungua karatasi za makarani nikaona jinsi lilivyoandikwa, boma baada ya boma, kijiji baada ya kijiji: Mwenye Mudzi, Mwenye Mudzi, Mwenye Mudzi. Makarani walipita mchana, wanaume wakiwa kazini. Waliowapokea walikuwa wake, na wake walijibu kama walivyojibu maisha yao yote. Vijana wale walikuwa wa bara, waliandika walichoambiwa. Na mashine, ambayo haijui mkwe wala mkoi, iliona jina moja, ikafanya boma moja, ikambakiza mwanamke wa kwanza na kuwafuta wengine wote. Nikamtafuta Jumwa. Hakuwapo. Boma lake lilikuwapo, kwa jina halisi la mwasisi, na mdai alikuwa shemeji yake, Karisa, aliyetoka Marereni siku moja tu ya kuandikisha na kulitaja jina la babake bila kizuizi chochote. Nikayasukuma mahamri kando. Karisa akipata hati, Bi Jumwa ni mgeni katika shamba alilolilima ujana wake wote.

Bwana Mutua nilipomwonyesha hakubisha. Alikaa, akavua miwani, akaifuta kwa tai. “Kumbe nao wana orodha yao,” akasema taratibu. “Ila yao ni ngumu kuliko ya mashine. Ya mashine, neno likitengwa limetengwa kwa wote. Hili limetengwa kinywani mwake tu. Kinywani mwako wewe ni huru.” Nikamwambia basi niandike mimi, ni mstari mmoja tu wa kurekebisha, jina nalijua. Akatikisa kichwa. Huko nyuma watu wa mbali walikuwa wamekuja na makaratasi ya kununua yenye majina ya wazee waliokufa, na ndiyo maana mpango ukaweka sharti: penye ubishi, mdai atasimama mbele ya watu amtaje mwasisi kwa kinywa chake. Karatasi hazikuaminiwa tena, kilichoaminiwa ni mdomo. Lilikuwa sharti la haki, limetungwa na watu wenye nia njema, na lilimkaba Bi Jumwa shingoni hasa. Alichoweza Bwana Mutua ni kuwarudisha wanawake wote kwenye jedwali na kuomba kikao cha kuwasikiliza. Akakipata, na akapigania mpaka Bi Jumwa akawa wa kwanza, maana dai lake ndilo lililokuwa na mpinzani.

Nilimpelekea habari ile nikidhani nabeba zawadi. Alikuwa akipepeta mahindi. “Mama,” nikamwambia, “siku hiyo watakuuliza mara moja tu. Utalitaja mara moja, basi, hati yako. Mungu mwenyewe atakuelewa.”

Aliuweka ungo chini. “Nilitaje?”

“Mara moja.”

“Na baada ya hapo nitakuwa nani?” Sikuwa nimemwona amekasirika kabla ya siku ile, na sikutaka kumwona tena. “Sikiza, Zuhura. Mimi niliolewa hapa, mwaka ukapita, miaka ikapita, sizai. Jamaa zao wakaja, wakakaa pale, wakasema mwanamke huyu na arudishwe kwao. Mwenye Mudzi akawauliza, nani aliyemleta? Wakasema, ni wewe. Akasema, basi ni wangu, na anayemtaka aondoke aanze kuniondoa mimi. Alikuwa kila akitaka kupita nyuma ya nyumba yangu hukohoa kwanza kule mbali, nipate kujisitiri. Hata akiwa mgonjwa, hata akishikwa mkono, alikohoa. Mtu mzima, mwenye boma lake, anamkoholea msichana asiyezaa. Hiyo ndiyo heshima yake kwangu. Na yangu kwake ni nini? Sikuwa na mjukuu wa kumpa aitwe jina lake. Yangu ni hii moja tu, kulinyamazia. Wataka niiuze kwa shamba?”

“Lakini shamba ni lake, mama. Alikuachia wewe.”

“Najua.” Akaushika tena ungo. “Ndiyo maana sijalala.”

Zile siku za kungojea zilikuwa ndefu. Chakula kilipikwa, kikaliwa kwa ukimya. Mimi, ambaye ulimi wangu haupumziki, niliingia kulala mapema. Niliona uchungu, na chini ya uchungu nilikuwa na hasira pia, naikiri hasira hiyo kwa kuwa ilikuwa ya kweli: nilimwona mkaidi. Nilikuwa mtoto wa kizazi kilichofundishwa kwamba jina ni alama tu, unaibandika juu ya kitu na kuibandua. Leo, nikiwa mimi mwenyewe mama mkwe wa mtu, naliangalia jambo lile kwa upande mwingine. Kuna vitu vichache sana ambavyo maskini anaweza kumpa mtu aliyekufa, na kimya ni kimojawapo.

Kikao kilifanywa asubuhi katika ukumbi wa kanisa, viti vya plastiki mbele, mabenchi nyuma. Aliyekiongoza alikuwa afisa wa mpango, mama wa bara mwenye sauti ya chini na macho ya kufuata kila kitu. Pembeni yake alikaa chifu. Bwana Mutua alikuwa ameleta kompyuta, na mimi nikaketi kwenye kimeza cha kwaya, nichape yatakayosemwa. Wanawake wa kina Mwenye Mudzi walijaa mabenchi, wengine wamekuja na maji ya kunywa na watoto. Mzee Karisa alikaa mbele, mtu wa makamo, kofia mkononi, mikono imepasukapasuka kwa chumvi. Nilitaka nimchukie kikamilifu, lakini ile mikono ilinizuia.

“Jumwa,” afisa akasema, “unadai boma hili. Mwasisi wake ni nani?”

“Ni Mwenye Mudzi.”

Kicheko kidogo kikapita, na si cha wanawake. “Jina lake, mama.”

Bi Jumwa alisimama kimya. Afisa akarudia swali, kwa upole, akaeleza sharti. Ndipo Karisa akainuka. “Bi Afisa, shikamoo. Hajui. Mwanamke asiye na mtoto katika boma atajuaje jina la boma? Alipangishwa pale, naye akapangisha wengine.” Nilisikia wanawake nyuma wakivuta pumzi. Vidole vyangu vilikuwa juu ya herufi na sikujua la kuandika. Bwana Mutua alikuwa anaangalia dari.

Bi Jumwa hakumjibu afisa. Alimgeukia Karisa, akapiga goti kidogo kama anavyosalimiwa mkubwa. “Shemeji,” akasema, sasa kwa ile sauti yake ya kuita mbuzi, “mimi kinywa changu kina kufuli, na mlionifunga ni nyinyi, siku mliyonileta. Sikulalamika. Wewe chako ki wazi. Nakuomba mbele ya watu hawa, unitajie.”

Karisa akaishusha kofia yake, akaipandisha.

“Nitajie babako, shemeji.”

Sikuelewa mara moja kwa nini ukumbi ulinyamaza vile. Kisha nikaelewa. Mkaza mwana akiulizwa jina la mkwewe, ni haki yake kuelekeza swali kwa jamaa wa mume, au kwa jirani wasipokuwapo, na jamaa huyo ni wajibu wake kujibu. Ndivyo walivyofanya tangu zamani, ndivyo alivyonifanyia mimi kwa kidevu siku ile. Lakini anayejibu amekubali kwamba aliyemuomba ni mke wa boma. Na asiyejibu ameombwa jina la babake mzazi mbele ya kijiji kizima, naye amelikalia. Karisa alikuwa na njia mbili, na zote zilimrudisha kwa babake. Nyuma mwanamke mmoja akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba apishwe, “Mtaje.” Mwingine akafuata. Hawakupiga kelele. Walisema tu, mmoja baada ya mwingine, mtaje, mtaje babako.

“Mwaringa,” Karisa akasema, akiiambia kofia. Kisha akainua kichwa. “Mwaringa wa Ngowa.”

Bi Jumwa alijifunika uso wote kwa leso.

Afisa aliandika, halafu akauliza, na hadi leo sijui kama aliuliza kwa kutojua mila zetu au kwa kuzijua vizuri mno, “Mzee, mbona umemtajia wewe? Yeye kwa nini hawezi?”

Karisa alikawia. “Hawezi,” akasema, “kwa sababu ni mkaza mwana wake.”

“Rudia, karani aandike.”

“Ni mkaza mwana wa Mwaringa wa Ngowa. Mke wa ndugu yangu.” Akaketi, akaivaa kofia, kisha akakumbuka yuko kanisani akaivua. Nikaandika. Machozi yalinitoka nikaona aibu, nikajifanya nimeingiwa na vumbi. Afisa akazungumza na chifu kwa muda, akatangaza kwamba mwasisi ametajwa na mkaaji ametambuliwa kwa kinywa cha mpinzani wake mwenyewe, na kwamba boma litaandikwa kwa jina la Jumwa, aliyelikaa na kulilima; Karisa na wanawe wasizuiwe kulizuru kaburi la mzee wao. Karisa hakupinga. Alipotoka alimpita Bi Jumwa mlangoni, wakapeana mkono bila kuangaliana, kama watu wa familia moja.

Kabla mwanamke wa pili hajaitwa, Bwana Mutua aliniinamia akaniambia niongeze safu moja kwenye jedwali. Sasa hivi? Sasa hivi. Nikaiita “mtajaji”: mtu aliyelitaja jina kwa niaba ya mdai. Sharti la kinywa likabaki, ila likakubali kinywa cha kuazima, na afisa akaliwekea sahihi yake mchana ule ule. Wanawake wakaja na mashemeji, na wifi, na wajukuu, mmoja akaja na jirani wa miaka mingi, na orodha ya waasisi ikajaa majina ya watu, Thoya na Chengo na Nzai, badala ya mtu mmoja mwenye maboma yote ya Kilifi. Nimetengeneza majedwali mengi tangu hapo, ya hospitali na ya shule, mengine makubwa sana. Hakuna safu niliyowahi kuiongeza ninayojivunia kama ile.

Jioni nilimkuta Bi Jumwa uani akimenya muhogo. Nilitarajia vigelegele, au angalau mzaha juu ya watu wa Takaungu. Alikuwa ametulia, macho mekundu. Nikamuuliza kama anaumwa. Nikamwambia kama ni aibu ya kusimama mbele ya watu, imekwisha, tena kwa ushindi.

“Nilie kwa aibu, mimi?” akasema. “Nalia kwa kuwa nimelisikia jina lake leo.” Akakata kipande, akakitia majini. “Muda mrefu sikuwa nimelisikia. Mume wangu alikuwa akilitaja, akafa. Karisa akahama, na mwanawe aitwaye hilo jina akaenda naye. Majirani wananionea haya, hawalitaji nikiwapo. Mimi mwenyewe siwezi. Miaka yote hii, mwanangu, ninalo humu ndani na hakuna anayenisemea.”

Nikachukua kisu kingine nikaanza kumsaidia. Tulimenya kwa muda, maganda yakirundikana kati yetu, kuku wakiyanyemelea.

“Zuhura,” akasema, bila kuinua macho. “Wewe si mke wa mtu hapa.”

“Hapana, mama.”

“Wewe waweza.”

Nikaelewa. Nikakiweka kisu chini, nikanyoosha mgongo, nikalitaja vizuri, pande zote mbili, kama lilivyostahili kutajwa. “Mwaringa wa Ngowa.”

Aliacha kumenya. “Tena,” akasema.

Nikalitaja tena. Mara ya tatu sikungoja kuombwa.